Mimea Nayo Ina Koo Zake

Leo tutazungumza juu ya mimea, na jinsi inavyogawanywa katika makundi. Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, sisi wakulima tuna haja gani na jambo hilo? Mahindi twayajua, na maharage twayajua." Swali hilo ni la haki. Basi nitaanza na kisa.

Mkulima mmoja aliona katika shamba lake la mahindi magugu mafupi yenye maua mazuri ya zambarau. Mahindi yakageuka rangi, yakadumaa kana kwamba yamekosa mvua, na mvua ilikuwa ya kutosha. Magugu hayo yaitwa kiduha. Mwaka wa pili akaacha mahindi, akapanda mtama. Kiduha kikarudi. Mwaka wa tatu akapanda ulezi. Kiduha kikarudi tena. Watoto wakalala na njaa, naye akasema, "Shamba hili limerogwa."

Shamba halikurogwa. Mkulima yule alibadili mmea mara tatu, lakini hakubadili ukoo. Maana ya maneno hayo mtaijua kabla ya mwisho wa somo.

Sisi sote hugawanya mimea kila siku. Twasema huu ni mti, hili ni jani. Huu ni wa chakula, huu ni wa dawa, huu ni wa kuni. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kazi zetu, lakini hautuambii mmea fulani ni ndugu wa mmea gani. Wataalamu wa mimea hutafuta undugu. Hawaulizi tu, "Mmea huu una kazi gani?" Huuliza, "Mmea huu umezaliwa katika ukoo gani?"

Kwanza, wao hutazama jinsi mmea unavyozaa. Iko mimea isiyo na maua wala mbegu, kama ile laini ya kijani iotayo juu ya mawe yenye unyevu. Iko mimea yenye mbegu lakini haina tunda la kuifunika, kama misonobari. Tena iko mimea yenye maua, ambayo mbegu zake hukaa ndani ya tunda. Karibu vyakula vyetu vyote vya shambani vyatoka katika kundi hili la mwisho.

Sasa tuligawe kundi la maua. Chukueni punje ya mahindi na punje ya haragwe. Zilowekeni usiku kucha. Asubuhi, limenyeni haragwe ganda lake. Litafunguka lenyewe katika nusu mbili zilizo sawa. Nusu hizo ni majani mawili ya kwanza, yamejaa chakula cha mche. Punje ya mahindi haigawanyiki hivyo, kwa sababu ina jani moja tu la namna hiyo. Kwa hiyo twasema mahindi ni ya kundi la jani moja, na maharage ni ya kundi la majani mawili.

Je, ukikuta mmea umekwisha kua, utajuaje? Tazama jani lake. Jani la hindi lina mistari inayokwenda sambamba, tangu shinani hata nchani. Jani la haragwe lina mishipa iliyosukwa kama wavu wa mvuvi. Kisha ng'oa mmea, utazame mizizi. Hindi lina mizizi mingi kama nyuzi. Haragwe lina mzizi mmoja mkuu, nao una matawi. Zipo nyakati ambapo dalili moja hudanganya, lakini zikipatana zote, huwezi kupotea sana.

Ndani ya makundi hayo makubwa ndimo zilimo koo. Leo tutazitazama tatu.

Ukoo wa kwanza ni wa nyasi. Msishangae: mahindi ni nyasi. Mtama ni nyasi, na mpunga, na uwele, na ulezi, na ngano. Hata muwa na mwanzi ni nyasi, ijapokuwa mwanzi hupita mapaa ya nyumba. Ukubwa si kitu katika jambo hili. Tazama shina lenye vifundo, na jani refu linaloanza kwa kulikumbatia shina.

Ukoo wa pili ni wa mikunde. Humo mna maharage, kunde, choroko, mbaazi, soya na karanga. Watu wengine hudhani karanga ni ndugu ya viazi, kwa kuwa huchimbwa ardhini. Sivyo. Karanga hutoa ua la manjano juu ya ardhi, lenye umbo kama la ua la kunde. Ua likisha kufifia, kijiti hutokea na kuingia udongoni, na huko ndiko ganda linakokua. Tena, mimea mingi ya ukoo huu ina vinundu mizizini. Ndani yake huishi vijidudu vidogo mno vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Ndiyo maana shamba lililopandwa mikunde huwa na nguvu kwa mazao yanayofuata.

Ukoo wa tatu ni wa nyanya. Humo mna nyanya, biringanya, pilipili hoho, mnavu, tumbaku, na viazi mviringo. Naam, viazi mviringo! Linganisheni ua lake na ua la biringanya. Lakini kiazi kitamu hakimo. Ua lake ni kama tarumbeta, nacho ni cha ukoo mwingine kabisa. Vyote viwili twaviita viazi, lakini jina moja si damu moja.

Hapa sharti nitoe onyo. Ndugu hawafanani tabia. Katika ukoo huu wa nyanya mna chakula, na mna sumu kali. Iko mimea ya ukoo huo yenye ua jeupe refu na tunda la miiba, ambayo huweza kumwua mtu. Hata kiazi mviringo kilichogeuka kijani kwa jua kisiliwe. Basi mtu asile jani asilolijua kwa kuwa tu lafanana na mnavu.

Kwa kuwa majina hudanganya, na kila kabila lina jina lake, wataalamu walihitaji majina ya kutumiwa dunia nzima. Katika mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alitoa kitabu ambamo kila mmea ulipewa jina la maneno mawili ya Kilatini. La kwanza ni kama jina la nyumba, na la pili humtenga yeye na ndugu zake. Mahindi ni Zea mays. Haragwe la kawaida ni Phaseolus vulgaris. Mtaalamu wa India na mtaalamu wa Kenya wakiandikiana majina hayo, hawakosani. Siku hizi wataalamu hawatazami ua na jani tu. Hupima pia chembe za urithi zilizomo ndani ya mmea, na mara nyingine wamelazimika kuuhamisha mmea kutoka ukoo mmoja hadi mwingine.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Kiduha huishi kwa kunyonya. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na yaweza kukaa udongoni miaka mingi ikingoja. Mzizi wa jirani unaoifaa ukipita karibu, mbegu huamka, huota, na kujishikiza katika mzizi huo ili kunyonya maji na chakula. Kiduha cha shamba lile kilitaka mizizi ya ukoo wa nyasi. Mkulima alipotoa mahindi na kuweka mtama, alimwondolea mgeni sahani moja na kumletea nyingine. Ulezi ukawa sahani ya tatu.

Angelipanda karanga au soya, mambo yangelikuwa mengine. Mizizi yake huweza kuiamsha mbegu ya kiduha, lakini hainyonyeki. Mbegu huota, hukosa chakula, hufa. Msimu mmoja hautoshi kulisafisha shamba. Yafaa kuendelea kupokezana mazao, na kung'oa kila kiduha kabla hakijatoa mbegu. Lakini njia ni hiyo, nayo haina uganga.

Ndivyo ilivyo hata kwa bustani ya mboga. Nyanya zikinyauka kwa ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, usipande biringanya wala viazi mviringo mahali pale pale. Ni ndugu, na ugonjwa wa mmoja ni ugonjwa wa wote. Panda mahindi.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kubadili zao shambani, usiulize jina lake tu. Uliza, "Wewe ni wa ukoo gani?" Kisha tazama mbegu, jani, mzizi na ua. Mmea hausemi, lakini hausemi uongo.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini mtama haukumsaidia mkulima wetu?
2. Taja dalili tatu za kutofautisha kundi la jani moja na kundi la majani mawili.
3. Kiazi mviringo na kiazi kitamu, kipi ni ndugu wa nyanya?
4. Karanga huchimbwa ardhini. Kwa nini basi twaiweka pamoja na kunde?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi alete darasani mimea mitano ya shambani kwake, pamoja na mizizi yake. Iwekeni yote juu ya meza, mwigawanye kwa koo, kisha andikeni majina. Mkibishana juu ya mmoja, ni vizuri. Utazameni tena.