Mtoto Asiyetulia Darasani: Maneno ya Mwalimu kwa Wazazi



Kwa niaba ya walimu, ninaomba kusema juu ya mtoto asiyeweza kutulia darasani, ambaye pia hupepesa macho, hutupa shingo au hutoa sauti bila kukusudia. Huyo hakurogwa, wala si mkaidi. Fimbo haimponyi, humtia hofu, na hofu huzidisha mishtuko hiyo.

Dawa ipo. Inaitwa methilifenideti, nayo husaidia mtoto kukaza fikira. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kuwapa watoto wenye mishtuko, wakidhani itazidi. Mwaka 2002, huko Marekani, yalitolewa matokeo ya watoto 136 wenye hali zote mbili: waliopewa dawa hiyo hawakuzidiwa na mishtuko kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Lakini dawa hiyo hupunguza hamu ya kula na huchelewesha usingizi. Sisi tunaokula kwa mgao tulifikirie hilo. Anayeitoa ni daktari, baada ya kupima uzito na mapigo ya moyo, na huendelea kupima. Mtoto asipewe kidonge cha mwenzake.

Ndugu wa zahanati, tunaomba watoto hawa waandikiwe rufaa. Nasi walimu na wazazi tusingoje dawa: tumketishe mbele, tumpe kazi fupi fupi, tumwache anyooshe miguu, na tuwakataze wenzake kumcheka.