Tahadhari Kuhusu Namba ya Siri: Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi wa Chwaka



Tumekutana kukumbushana jambo moja. Wizi wa fedha kwa njia ya simu mara nyingi hauhitaji kuvunja kufuli. Mwizi hubisha hodi, na mwenye nyumba humfungulia mwenyewe.

Huduma ya kutumiana fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008. Leo mauzo ya samaki dikoni, malipo ya mwani na fedha za matumizi kutoka kwa watoto walioko mjini hupita humo. Kwa hiyo, anayeijua namba yako ya siri ameshika jasho lako.

Kwanza, upo ujumbe usemao: "Ile pesa tuma kwa namba hii." Mwandishi wake hakujui. Huutuma kwa watu wengi, akitaraji kumpata mmoja aliyekuwa kweli anataka kutuma fedha. Ukiupata, usitume. Mpigie unayemdhania kwa namba yake uliyonayo tangu zamani, umsikie kwa sauti yake.

Pili, yupo anayepiga simu akidai ametumwa na kampuni, au akiomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "kwa makosa". Tarakimu hizo ndizo zinazofungua akaunti yako ya WhatsApp katika simu nyingine. Akizipata, atawakopa jamaa zako kwa jina lako. Usimtajie mtu yeyote, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti hiyo.

Tatu, baadhi ya wazee wetu humtajia wakala namba ya siri dukani, mbele za watu, kwa kuwa macho hayaoni vyema. Hili si kosa la kuwacheka. Ni wajibu wa vijana kukaa nao nyumbani na kuwafundisha kubonyeza wenyewe.

Kwa watumishi, neno la siri la ofisi ni sawa na ufunguo wa kabati la majalada. Lisiandikwe mezani, lisiazimwe, wala lisifanane na lile la akaunti yako binafsi. Ndani ya majalada hayo mna habari za wananchi waliotuamini.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar. Kila mwananchi anaweza kupiga *106# kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kupeleka namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040.

Aliyekwisha kuibiwa asikae kimya kwa haya. Aiarifu kampuni yake ya simu mara moja, kabla fedha hazijatolewa, kisha aende kituo cha Polisi. Saa moja ya kunyamaza ni saa moja ya mwizi kukimbia.

Tahadhari kabla ya hatari.