MAKAA YA MCHUCHUMA YAPO, MGANGA WA DHARURA YUKO WAPI?

Mazungumzo na vijana wa Makambako na Njombe



Nawasalimu nyote: wapiga debe wa stendi, waendesha bodaboda, makuli wa njia panda ya Makambako, nanyi mliomaliza masomo mkabaki na vyeti mikononi. Leo sikuja na ahadi. Nina swali moja tu.

Tangu mwaka 2011, Shirika la Maendeleo ya Taifa lilipotia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, mmeimbiwa makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Dola bilioni 3! Ajira zinakuja! Haya, na zije. Lakini siku mwamba utakapomwangukia kijana mgodini kule Ludewa, nani atampokea?

Damu haisubiri kikao. Mtu aliyekatika mshipa hufa kabla gari la wagonjwa halijatafutiwa mafuta. Anahitaji aliyefundishwa kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, na kujua nani ahudumiwe kwanza.

Msidanganywe kwamba elimu hiyo haipo nchini. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya magonjwa ya dharura, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo kwa miaka 3. Wa kwanza walihitimu 2013. Tunawapongeza. Lakini bingwa mmoja hakeshi zamu zote, na mji mkubwa unawavuta. Kwa hiyo muuguzi na tabibu wa kituo cha afya nao wafundishwe. Shirika la Afya Duniani lina kozi ya siku chache tu kwa ajili yao.

Sasa fundisho bila ajira ni nini? Mwaka 1993, enzi za masharti ya wakopeshaji, serikali ilisimamisha ajira, afya ikiwamo. Pengo lile halijazibika. Hadi leo muuguzi anazurura mtaani na cheti, huku wodi inamlilia muuguzi! Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Waulizeni iko wapi.

Ndugu zangu, tudai mambo matatu. Mgodi usifunguliwe bila chumba cha dharura chenye watu waliofundishwa, usiku na mchana. Wahitimu waajiriwe. Na bodaboda wafundishwe huduma ya kwanza, maana ndio wanaofika kwanza kwenye ajali. Mpango wa m-mama tayari unatumia madereva wa mitaani kuwawahisha wajawazito hospitali. Kwa nini majeruhi asahaulike?

Vigogo wakiugua wana ndege. Mlalahoi ana bodaboda. Basi mgombea akija na fulana na kofia, zipokeeni, kisha mwulizeni: zamu ya usiku leo yupo nani?