Usambara, Nchi Yetu ya Milimani



Katika siku hizi za kukumbuka miaka iliyopita tumeombwa tuseme machache juu ya nchi yetu. Wengine watasema habari za makanisa, shule na hospitali, nao wafanya vema. Sisi tumechagua kusema habari za milima yenyewe na watu wake, kwa kuwa watu hao walikuwa na akili, desturi na mashauri kabla mgeni wa kwanza hajapanda kilima chetu. Tena asiyejua alikotoka hawezi kushukuru sawasawa kwa mahali alipofika.

Milima ya Usambara imesimama upande wa kaskazini-mashariki wa Tanzania, katika Mkoa wa Tanga. Bonde la Lwengera laigawanya sehemu mbili. Upande wa mashariki iko milima ya Amani, iliyo karibu na pwani, nayo hupata mvua nyingi kwa upepo utokao baharini. Upande wa magharibi iko milima ya Lushoto, Bumbuli, Mlalo na Mtae, iliyo mirefu zaidi, na vilele vyake vyapita mita 2,200. Msafiri atokaye Mombo, penye joto la mkongeni, akiifuata barabara ya Soni mpaka Lushoto, husafiri kama kilomita 30 na zaidi kidogo tu. Walakini hali ya hewa ya huku na ya kule ni kama ya nchi mbili.

Wazee wetu waliijua tofauti hiyo, wakaipa majina. Nchi ya juu, yenye ubaridi, ukungu na migomba, waliiita Shambaai. Nchi ya chini, yenye jua kali na miiba, waliiita nyika. Tukiangalia vijiji vya zamani tutaona kwamba vingi vilijengwa kwenye ukingo wa mlima, karibu na mahali ambapo Shambaai yakoma na nyika yaanza kuonekana. Watoto hudhani watu walipenda kutazama mbali tu. Kumbe ilikuwa hekima ya chakula. Mtu aliyekaa ukingoni aliweza kuwa na migomba yake juu na shamba jingine chini. Mvua ikikosekana huku, huenda ikapatikana kule. Mazao ya huku yakichelewa, ya kule yamekwisha komaa. Hivyo ndivyo walivyojikinga na njaa, wala hawakuwa na ghala la serikali.

Sasa tuseme habari za utawala. Kila mtoto wa Usambara amesikia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka katika milima ya Nguu. Yasemekana jamaa zake walimchukia kwa sababu alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota, akakimbia na mbwa wake na mikuki yake. Alipofika milimani kwetu akawakuta watu wanasumbuliwa na nguruwe wa mwitu katika mashamba yao. Akawawinda, na nyama yake hakuificha. Akawagawia wenyeji, nao wakampa vyakula vya mashambani. Akawaamua katika magomvi yao pasipo upendeleo. Mwisho watu wa Vuga wakamwita awe mkubwa wao, na uzao wake, yaani Wakilindi, ukatawala nchi.

Basi, wanachuo wa leo hubishana: je, mambo yote ya hadithi hii yalitokea vile vile? Sisi twaona kwamba hata asiyekubali kila neno lake hawezi kukosa kuona shauri lililomo. Wazee walitaka kuwaambia watoto wao kwamba mgeni alipata kiti kwa sababu alileta kitu mkononi na akawatendea watu haki. Cheo kilikuja baadaye.

Ziko na habari zilizoandikwa. Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa karibu na Wakilindi na kuyajua mambo yao, alikusanya masimulizi hayo kwa Kiswahili katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichoanza kupigwa chapa kwa mafungu katika mwaka 1895, katika kiwanda cha misheni ya Magila. Hapa yatupasa kuangalia jambo moja. Mwandishi alikuwa Mwislamu, wenye kiwanda walikuwa Wakristo, na habari zenyewe ni za watu walioishi kabla ya dini hizi mbili kuenea milimani. Kazi ikafanyika, nasi leo twaisoma. Baadaye huko Vuga pia kilikuwako kiwanda cha misheni cha kupiga chapa, kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Kwa hiyo milima yetu ina sehemu yake katika kuikuza lugha ambayo nchi nzima yaisema sasa.

Katika Wakilindi aliyejulikana mbali zaidi ni Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Krapf alimfikia huko Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Kimweri aliwaweka wanawe katika sehemu mbalimbali za nchi, na nguvu zake zikafika mpaka karibu na pwani. Watu waliamini kwamba mfalme mwenye nguvu zisizopingwa huleta mvua, na kwamba wakuu wawili wakishindana, nchi hupata njaa. Ziko semi mbili za Kisambaa juu ya mambo haya, nasi twaomba waalimu wazishike: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Kila mkubwa alipimwa kwa semi hizo mbili.

Kimweri akafa mwaka 1862, na yaliyofuata yalionyesha maana ya semi zile. Ndugu wakapigania utawala. Semboja aliyekaa Mazinde, chini penye njia ya misafara, alikuwa karibu na bunduki na biashara, naye akapata nguvu kuliko waliokaa Vuga. Watu wakatekwa, wakauzwa utumwani, Wabondei wakaasi, mashamba yakaachwa. Hata asiyeamini kwamba mfalme aweza kuamuru mawingu atakubali kwamba vita huleta njaa, kwa kuwa hapana alimaye huku akikimbia. Imani ya wazee wetu juu ya mvua tumeiacha, lakini kipimo chao cha ukubwa tusikiache.

Tuje sasa kwenye uzuri wa nchi, maana siku hizi wageni wengi hupanda kuja kuutazama. Huenda Irente, wakasimama juu ya genge, na chini yao waona Mazinde na nyika pana isiyo na mwisho. Huenda Soni kutazama maporomoko ya maji. Huenda Mtae, kijiji kilichokaa kama juu ya mgongo wa kisu, ambako nyika ya Mkomazi yaonekana chini. Huingia msitu wa Magamba, na wengine huenda Amani, ambako Wadachi walianzisha chuo cha mimea na kilimo mwaka 1902, na ambako msitu ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Katika misitu hiyo mna viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Yuko kinyonga mwenye pembe tatu. Yako maua madogo ya rangi ya zambarau yaotayo katika miamba yenye kivuli, ambayo wenyeji huyaita dughulushi. Mkubwa mmoja wa serikali ya Kidachi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona akapeleka mbegu Ulaya, na mwaka 1893 wataalamu wakayapa jina la Saintpaulia kwa heshima ya jamaa yake. Leo maua hayo yamo katika vyungu madirishani mwa mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani, na wengi wao hawajui kwamba asili yake ni milima ya Afrika ya Mashariki. Watoto wetu wengi nao hawajui. Tutawalaumuje wale wa mbali?

Pamoja na misitu yako mambo ya nyumbani ambayo wageni huyastaajabia, nasi twayapita kila siku bila kuyatazama: wanawake wafinyanzi waumbao chungu kwa mikono, mfereji uliochimbwa ubavuni mwa mlima kupeleka maji shambani, soko lenye kabichi, viazi, peasi na plamu, na salamu ndefu njiani, ambayo hapana mwenye haraka aliye na ruhusa ya kuikata. Wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na apone kweli, asije akauza ukingo wake wa mlima kwa fedha ya mwaka mmoja, kisha akawa mlinzi wa lango katika shamba lililokuwa la babu yake.

Lakini uzuri huu umo hatarini, na hapa ndipo penye shauri letu hasa. Watu wameongezeka, mashamba yamekatwa vipande vidogo, na miteremko iliyokuwa msitu imelimwa hadi juu. Mvua kubwa ikinyesha, mito hugeuka myekundu. Rangi ile ni udongo wetu unaokwenda baharini, nao haurudi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza huko Mlalo mpango wa kulazimisha watu kuchimba matuta katika mashamba ya miteremko, kisha ukaenezwa Usambara yote. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ikawaangukia wanawake. Watu wakaogopa kwamba ardhi yao itachukuliwa, wakakataa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Baadaye, tangu miaka ya 1980, wataalamu walikuja kwa njia nyingine: wakakaa na wakulima, wakapanda pamoja nao mistari ya majani ya kulisha ng'ombe kwa kuukingama mteremko, na miti kati ya mimea. Majani yakazuia udongo, ng'ombe wakapata chakula, samadi ikarudi shambani. Wengi wakaipokea kazi hiyo kwa hiari. Hatari ya udongo ilikuwa kweli mwaka 1946 kama ilivyo kweli leo. Lakini neno la kweli likisemwa kwa fimbo, watu husikia fimbo.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, waalimu wawapeleke watoto kwa wazee, wakaandike majina ya miti, ya chemchemi na ya vijiji vya zamani kwa Kisambaa na kwa Kiswahili. Mtoto anayelijua jina la mti hasiti kuuliza kwa nini umekatwa. Pili, kila mtaa uchague chemchemi yake na kuilinda: pasilimwe karibu nayo, wala pasikatwe miti yake. Tusidhani maji haya ni yetu peke yetu; mji wa Tanga wanywa maji ya mto Zigi utokao katika milima ya mashariki, na atakayeharibu huku juu amemwibia jirani asiyemjua. Kazi hii tuifanye pamoja na jirani zetu Waislamu, kwa maana chemchemi haimwulizi mtu dini yake. Tatu, vijana waendao Tanga na Dar es Salaam kutafuta kazi, nao ni wengi, wasione haya kwa jina linaloanza kwa She-, wala kwa lugha ya mama zao. Wahenga walisema, Mwacha mila ni mtumwa. Waende, wajifunze, na wakirudi na kitu mkononi, wakigawie kijiji kama mwindaji yule alivyogawa nyama.

Ndugu wapenzi, watakaokaa hapa miaka 50 ijayo watasoma majina yetu katika vitabu vya kanisa, nao watauliza swali lile lile walilouliza wazee juu ya Wakilindi: je, hawa waliitengeneza nchi, au waliiharibu? Jibu lake twaliandika sasa, kila msimu, kwa jembe na kwa shoka. Basi mvua za masika zinakaribia. Kila mmoja na aanze kwenye mteremko wake mwenyewe.