Mzee Ataka Nini?

Leo twasema na wanaotunza wazee, iwe nyumbani au katika makao ya wazee.

Kwanza tuungame. Mwaka jana kikundi chetu kilizuru makao fulani. Tulipeleka unga, sukari na sabuni, tukaimba, tukaomba, tukapiga picha, tukaondoka kabla ya mvua. Garini mmoja wetu akauliza ni nani aliyeshika jina la mzee hata mmoja. Tulinyamaza hadi mjini.

Katika 2 Samweli 19 twamwona Barzilai, mzee wa miaka 80. Alikuwa amemlisha Daudi wakati wa shida, na sasa mfalme ataka kumpeleka Yerusalemu amtunze. Mpango mzuri! Lakini mzee akakataa. Chakula hakina ladha kwake tena, nyimba hazisikii vema. Ataka kufia kwao, karibu na kaburi la wazazi wake. Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi.

Huyo alitaka kwao. Mwingine alitaka shule. Wengi wenu mwamkumbuka Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004, akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake. Alitaka kujisomea Biblia. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, akampokea. Machafuko ya mwaka 2008 yalimwondoa huko, akafika makao ya wazee ya Cheshire, Nairobi. Ingekuwa rahisi kumwambia, "Mzee, keti, uji waja." Lakini Juni mwaka huo aliandikishwa tena shuleni, huko Kariobangi. Alifariki Agosti 2009, akiwa bado mwanafunzi.

Ndugu mtunzaji, shuka safi na dawa ni lazima, na twajua kazi yako ni nzito. Lakini je, umemwuliza mama yule anapenda nini? Pengine ataka kitanda karibu na dirisha, au kupalilia sukuma wiki japo mstari mmoja, au kusomewa Zaburi kwa Kikalenjin au Kikikuyu, lugha aliyoombea tangu utoto. Tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee duniani, keki si vibaya. Hata hivyo, muulizeni kama anapenda keki.

Nasi twarudi kwenye makao yale Jumamosi hii. Sukari tutachukua. Nyimba, safari hii, wazee watatuchagulia.