Sala na Sala
(Maneno ya mwalimu mbele ya Kamati ya Jamii)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya masomo ya watoto. Naanza na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwaamuru watoto kwa Kireno waingie darasani: "Para a sala!" Mmoja akaenda kisimani kutawadha. Nikamchapa kwa utoro. Kwao sala ni ibada. Kwa Kireno ni chumba. Mtoto alitii alichosikia. Palma iliposhambuliwa Machi 2021 tulitawanyika, na sikuwahi kumwomba radhi.

Chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba lugha ya nyumbani huharibu Kireno. Sivyo hasa. Mwenye lugha mbili haifungi moja anapotumia nyingine. Zote huwa macho. Mwaka 1999 wataalamu Michael Spivey na Viorica Marian wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwajaribu watu wajuao Kirusi na Kiingereza. Vitu viliwekwa mbele yao, wakaagizwa kwa Kirusi wachukue stempu, "marku". Macho yao yakavutwa pia na kalamu nene ya wino, kwa sababu Kiingereza huiita "marker". Na hao ni watu wazima! Mtoto wa Mute ana Kimakwe au Kimakonde nyumbani, Kiswahili sokoni, Kireno shuleni.

Yapo maneno yanayomsaidia. Meza, bendera na leso yaliletwa pwani hii na Wareno wenyewe, hivyo akikuta "mesa", "bandeira" na "lenço" hushika upesi. Mengine humpiga chenga. "Tia" ni shangazi, nasi twatia chumvi. Akisoma "casa", yaani nyumba, mtoto wa mvuvi anamwona kasa wa baharini. Hata gereza letu, wanasema wanalugha, limetoka kwenye "igreja", nalo ni kanisa. (Wazee, msicheke sana.)

Sasa ombi langu kwa ndugu wa mashirika. Watoto wanapopimwa kusoma ili wapangiwe darasa, saa huwa mkononi mwa mpimaji. Anayesita kidogo kwenye "sala" huandikwa hajui. Mvulana wa miaka 13 akishushwa akae na wadogo zake, haji tena. Mnawaona hapa wakibeba maji ya kuuza. Kusita kule si ujinga. Ni kichwa kinachagua kati ya maana mbili, na kinahitaji nafasi kidogo. Wekeni saa mfukoni. Mwulizeni mtoto neno lina maana gani kabla ya kuandika kosa, na awepo mtu ajuaye lugha ya kwao. Walimu tupo humu kambini, na tutakuja bila posho.

Nanyi wazazi, msiache kusema nao lugha ya nyumbani kwa kuhofia Kireno. Upimaji ujao ukifika, leteni na wale walioacha. Nitakaa nao mimi mwenyewe.