Kabla ya Kununua Mabati Mapya



Huku Kericho na Nandi mvua ya mawe tunaijua. Chai ikipigwa, paa nalo limepigwa. Kesho yake tunasikia, "Fundi amesema mabati yote yatolewe," na pesa za kikundi zinaenda hivyo. Tukague kwanza sisi wenyewe.

Paa likiwa bado limelowa hatupandi. Tunaanzia ndani. Jua likiwa kali tunafunga milango na madirisha, tunatazama juu: kila tundu litaonekana kama nyota. Tia alama ya makaa kwenye mbao iliyo karibu. Msifuate mahali maji yanapodondokea, kwa maana maji hutembea juu ya mbao kabla ya kuanguka.

Bati lililobonyea bila kutoboka, liacheni. Shida kubwa ni misumari. Upepo huilegeza, mpira wake hupasuka, bati huanza kupigapiga, na dhoruba inayofuata hulibeba. Basi msirudishe msumari kwenye tundu lile lile! Pigilia mgongo wa bati ulio kando, si bondeni maji yanamopita, na tundu la zamani lizibwe kwa lami. Mbao iliyooza haishiki msumari, ibadilishwe.

Ikibidi kununua, geji 28 ni nene kuliko 30, ingawa namba ni ndogo. Bati jipya liingie shubiri nzima chini ya lile la juu yake.

Ngazi moja inatosha kikundi. Jumamosi tuanze na nyanya zetu wanaoishi peke yao.